Pikipiki Yako ya Kwanza: Kuiosha, Kuikagua na Kuitunza kwa Mikono Yako

Nati haidondoki siku moja. Hulegea kidogo kidogo kwa mtikisiko wa injini, wiki baada ya wiki, na mwenye pikipiki hana habari mpaka siku anaposikia kitu kinagongagonga chini yake kama debe tupu. Yangu ya kwanza niliikuta kwa tambara. Nilikuwa nafuta matope chini ya ekzosi, kidole kikaigusa nati inayoshikilia sailensa, nayo ikazunguka bila spana. Kuikaza hakukuchukua hata dakika moja. Tangu siku hiyo kuosha na kukagua kwangu ni kazi moja, na mwongozo huu umepangwa hivyo hivyo: mkono unasugua, macho na vidole vinatafuta.

Nimemwandikia mtu aliyepata pikipiki yake ya kwanza, mpya au iliyokwishatumika, ambaye hajazoea kushika spana. Gereji si lazima. Tafuta mahali tambarare penye kivuli, tenga saa moja na nusu, na uwe na kitabu cha mwongozo cha pikipiki yako. Kama uliipata bila kitabu, tafuta nakala ya modeli hiyo hasa, kwa maana watengenezaji wengi huziweka kwenye intaneti. Vipimo nitakavyotaja ni vya kawaida kwa pikipiki ndogo na za kati. Kitabu kikisema tofauti, fuata kitabu.

Vifaa

Ndoo mbili, sponji au dodoki laini, sponji nyingine kuukuu ya magurudumu na sehemu zenye mafuta, mswaki wa zamani, matambara safi ya pamba, sabuni ya maji ya kuoshea magari, mafuta ya taa kidogo, mafuta ya cheni, rula, kipima upepo, na spana zilizokuja na pikipiki. Kipima upepo usiseme utakinunua baadaye. Jicho haliwezi kupima upepo wa tairi, hata jicho la fundi.

Sabuni ya unga ya kufulia iache ndani. Ni kali kwa rangi, na aluminiamu huiachia mabaka. Sabuni ya vyombo inasafisha vizuri, ila inaondoka na nta inayolinda rangi. Mara moja kwa dharura si msiba, mazoea ndiyo mabaya. Petroli isikaribie kazi hii kabisa: inadaka moto kwa cheche ndogo, inababua rangi na inaharibu mpira.

Kuosha, hatua kwa hatua

1. Acha injini ipoe. Nusu saa kivulini, au zaidi kama umetoka safari ndefu. Maji ya baridi kwenye chuma cha moto si jambo jema kwa ekzosi wala kwa diski za breki, sabuni itakaukia pale pale na kuacha alama, na wewe mwenyewe utaungua.

2. Ziba mdomo wa sailensa kwa mfuko wa plastiki na mpira, kisha bandika utepe juu ya tundu la ufunguo. Chukua mfuko wenye rangi inayopiga kelele. Nasema hivi kwa uchungu: niliwahi kusahau mfuko mweusi kwenye sailensa nyeusi. Nikapiga kiki mpaka goti likauma, nikafungua plagi, nikaisafisha plagi ambayo haikuwa na kosa lolote, ndipo jirani aliyekuwa ananitazama muda wote akauliza ule mfuko pale nyuma ni wa nini.

3. Lowesha kwanza, usisugue. Maji ya mtiririko mwepesi, kuanzia juu kushuka chini, kisha subiri dakika tano matope yalainike. Anayesugua vumbi likiwa kavu anapiga rangi yake msasa.

4. Jiepushe na mashine ya maji ya shinikizo. Sili za beringi zimetengenezwa kuzuia mvua na matope ya barabarani, si mshale wa maji unaopigwa kwa karibu. Maji yakipenya kwenye beringi za magurudumu au za shingo ya usukani hufukuza grisi, na kutu huanza kazi yake humo ndani bila wewe kuiona. Ukimpa mtu mwingine akuoshee kwa mashine, simama naye. Asisogeze mdomo wa mpira karibu na ekseli, cheni, shingo ya usukani, viungio vya nyaya, rejeta kama ipo, wala sehemu ya chini ya siti ambako filta ya hewa hupumulia.

5. Osha kwa mpangilio: tanki, usukani, siti, madigadi, kisha injini, magurudumu mwisho. Ndoo moja iwe na sabuni, nyingine maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kupitisha. Bila ile ndoo ya pili mchanga uliouondoa kwenye madigadi unaupeleka kwenye tanki. Sponji ikianguka chini, imeshahamia kwenye kazi ya magurudumu, usiirudishe juu.

6. Ingia na mswaki kwenye mapezi ya injini. Injini nyingi za pikipiki hupozwa na upepo unaopita kati ya mapezi hayo, na tope lililojaa hapo ni blanketi. Pita pia nyuma ya sproketi ya nyuma, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, kwenye miguu ya stendi, na chini ya madigadi ya nyuma, mahali ambapo tope hujificha mpaka likawa gumu kama saruji.

7. Suuza kabla sabuni haijakauka, tena kwa mtiririko mwepesi.

8. Futa kwa tambara kavu, toa mfuko, bandua utepe. Washa injini iungurume dakika chache, kisha endesha polepole mahali salama ukibonyeza breki zote mbili mara kadhaa. Breki iliyolowa hushika kwa kuchelewa, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Ukikuta asubuhi diski ina kutu nyembamba ya rangi ya chungwa, usihangaike nayo, huondoka kwa breki mbili tatu za kwanza.

Nta ya kung'arisha ni ya tanki na sehemu zilizopakwa rangi. Siti, vikanyagio, vishikio vya usukani na sehemu ya tairi inayogusa barabara visipakwe kitu chochote cha kung'aa, hata kama muuza duka ameapa. Tairi jeusi linalometameta linapendeza kwenye picha tu. Na diski ikiguswa na mafuta au nta, hata tone, huna breki hapo.

Kila wiki au kila baada ya wiki mbili inatosha kwa matumizi ya kawaida. Ila ukipita kwenye maji ya bahari, au kwenye barabara iliyomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu, suuza siku hiyo hiyo. Chumvi haisubiri wikiendi.

Vidole vinatafuta nini

Ukiwa unafuta, gusa kila nati unayoifikia. Zinazopenda kulegea ni za sailensa, madigadi, vioo, vikanyagio na kishikio cha namba. Tazama maungio ya injini: vumbi likigandamana mahali pamoja na kuwa tope jeusi la mafuta, pana uvujaji, hata kama hakuna tone chini. Tazama nguzo za shokapu za mbele. Duara la mafuta kwenye chuma kinachong'aa maana yake sili imechoka, na mafuta hayo njia yake ni kushuka kuelekea kwenye breki, kwa hiyo lishughulikie mapema.

Magurudumu ya spoki yana siri moja nzuri. Zungusha gurudumu polepole huku ukigonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia kwa sauti ya juu na safi, iliyolegea hutoa mlio butu. Ukisikia moja au mbili zimelegea, mpelekee fundi azikaze na kuangalia kama rimu bado imenyooka. Usizikaze mwenyewe kwa kubahatisha, kwani spoki huvuta rimu kila moja kwa upande wake, na ukikaza vibaya gurudumu litaanza kuyumba.

Mwisho washa taa zote, na ujaribu taa ya breki mara mbili: kwa breki ya mkono, kisha kwa breki ya mguu. Kila moja ina swichi yake. Wengi hujaribu moja na kuondoka wameridhika.

Cheni

Hapa ndipo pikipiki mpya huzeeka haraka kuliko mahali pengine popote. Cheni iko wazi, inapita karibu na tairi linalorusha mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta hupati tena kilainishi, unapata uji wa kusagia chuma.

Kabla ya lolote: zima injini, chomoa ufunguo, utie mfukoni. Usisafishe wala usipake cheni mafuta injini ikiwa inazungusha gurudumu, hata kama umeona fundi mzoefu akifanya hivyo. Tambara likidakwa kati ya cheni na sproketi, vidole vinalifuata, na kuna watu wengi waliopoteza vidole kwa njia hiyo hiyo. Gurudumu lizungushwe kwa mkono.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gia iwe niutro. Kama haina stendi ya kati, fanya kipande kipande: safisha sehemu unayoiona, isukume mbele hatua moja, endelea. Chovya mswaki kwenye mafuta ya taa, sugua juu, chini na pembeni mwa cheni, ukiwa umetandika gazeti au boksi chini na kulikinga tairi. Usitumie brashi ya waya. Cheni nyingi za siku hizi zina viduara vidogo vya mpira kati ya bamba na bamba, ukiinama utaviona vyeusi, na kazi yake ni kuzuia grisi ya kiwandani isitoke ndani ya pini. Waya huvikwaruza na petroli huviharibu. Vikishakatika, grisi ile hairudi kwa kupaka mafuta juu.

Futa kwa tambara mpaka tambara litoke karibu safi, acha ikauke, kisha paka mafuta ya cheni. Elekeza mafuta upande wa ndani wa cheni, ile sehemu ya chini, huku ukizungusha gurudumu mizunguko miwili au mitatu. Upande wa ndani, kwa sababu cheni ikizunguka kwa kasi mafuta husukumwa kwenda nje, hivyo yatapita katikati ya viungo badala ya kurukia moja kwa moja kwenye rimu. Subiri robo saa hadi nusu saa, futa yaliyozidi. Kazi hii hufaa zaidi ukitoka safarini, cheni ikiwa na uvuguvugu, maana mafuta huingia vizuri. Irudie kila kilomita 500 hadi 1,000, na kila baada ya mvua kubwa au baada ya kuosha.

Wapo wanaopaka cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini, wakisema ni kutumia kila kitu bila kutupa. Mimi sikubaliani nao. Oili hiyo ina vumbi la chuma na uchafu wa mwako, ni nyepesi kiasi kwamba inarukia rimu na tairi, na inanasa mchanga kama gundi.

Halafu kuna ulegevu. Weka rula katikati ya sehemu ya chini ya cheni, kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Isukume chini kwa kidole, soma. Iinue juu, soma. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo ulegevu, na kwa pikipiki nyingi ndogo huwa milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu kidogo upime tena, mara nne au tano, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa mahali pote. Amua kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi.

Kosa la mgeni ni kuikaza kama uzi wa gitaa, akidhani ulegevu ni ugonjwa. Ulegevu umewekwa makusudi. Ukikaa wewe na abiria, shokapu za nyuma hushuka, na umbali kati ya sproketi mbili huongezeka. Cheni iliyokazwa sana wakati pikipiki iko tupu haina pa kwenda ikibebeshwa mzigo, basi inajivuta yenyewe, inakula meno ya sproketi na kuumiza beringi za giaboksi. Iliyolegea sana nayo inaweza kuruka sproketi ukiwa barabarani. Ukinilazimisha kuchagua kati ya kuzidisha kidogo na kupunguza kidogo, nitachagua ulegevu kidogo.

Kuirekebisha: legeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, legeza nati za kufungia pande zote mbili, kisha zungusha virekebishi kwa kiasi sawa kushoto na kulia, robo mzunguko kwa wakati. Kwenye mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, kuna mistari ya alama. Pande zote zisome mstari uleule, vinginevyo gurudumu litakaa upande. Kaza ekseli kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, kisha pima ulegevu tena, kwa sababu kukaza kwenyewe hubadilisha kipimo. Kama nati ya ekseli ina pini ya kuzuia isifunguke, weka mpya. Na kama breki ya nyuma ni ya ngoma inayovutwa kwa fimbo, kulirudisha gurudumu nyuma kumekaza na breki hiyo pia, kwa hiyo rekebisha mchezo wa pedali, yaani nafasi inayoshuka kabla breki haijaanza kushika, kabla ya kuondoka. Hili husahaulika sana, na mtu huishia na breki inayoburuta, ngoma ya moto, na petroli inayoisha bila maelezo.

Cheni yenye kiungo cha klipu: upande wa klipu uliofumba uelekee kule cheni inakokwenda, upande wenye mdomo wazi ubaki nyuma.

Siku utakayoona meno ya sproketi yamepinda kama mawimbi yanayotaka kuvunjika, au ukivuta cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa ikainuka na kuacha nusu ya jino wazi, imeisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Cheni mpya juu ya meno ya zamani huharibika kwa muda mfupi tu.

Oili ya injini

Washa injini dakika tatu, zima, subiri dakika mbili au tatu oili ishuke. Pikipiki isimame wima mahali tambarare. Ikiegemea stendi ya pembeni, kipimo ni cha uongo. Kama kuna kioo kidogo ubavuni, oili iwe kati ya mistari miwili. Kama ni kijiti, kifute, kirudishe, kitoe, soma. Hapa soma kitabu kwa makini: kwenye pikipiki nyingi kijiti hukaa tu juu ya mdomo wa tundu bila kukazwa wakati wa kupima. Ukikikaza kinazama zaidi, na injini yenye kiu itakuonyesha kuwa imeshiba.

Kipimo kifanyike kila wiki, si siku ya kubadilisha oili tu. Injini ndogo hubeba lita moja hivi, nyingine pungufu, kwa hiyo ikipotea robo lita umepoteza robo nzima ya kila kitu. Rangi nyeusi yenyewe si kosa, oili hubeba uchafu na ndiyo kazi yake. Rangi ya maziwa ni habari nyingine: maji yameingia, usiendeshe.

Ukinunua oili, tazama mambo mawili kwenye chupa. La kwanza ni uzito, mfano 10W-30, 10W-40 au 20W-50, kama kitabu kinavyotaka. La pili ni herufi za JASO, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari zina viambato vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Tafuta MA au MA2. MB ni ya skuta ambazo klachi yake haimo kwenye oili.

Mabadiliko ya kwanza huja mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa kuwa vipande vipya vinapozoeana huacha unga wa chuma ndani. Baada ya hapo fuata kitabu. Kubadilisha si kugumu: pasha injini kidogo, weka beseni chini, fungua bolti ya kutolea, acha imwagike yote, weka washa (pete ya bolti) mpya, funga bila kujitutumua kwa sababu nyuzi zimo kwenye aluminiamu na zikiliwa gharama yake itakuuma. Mimina kiasi kilichoandikwa, endesha injini dakika moja, pima tena. Kuzidisha si ukarimu. Oili iliyojaa kupita mstari hutoka povu na kusukumwa hadi kwenye filta ya hewa. Iliyochakaa itie kwenye dumu lenye kifuniko, uipeleke kwa wanaokusanya. Usiimwage ardhini wala mtaroni.

Tairi

Pima upepo tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Likishakimbia hupata joto na kipimo kinapanda, ukipunguza hapo umejidanganya. Namba sahihi iko kwenye kibandiko kilichobandikwa mkono wa nyuma au kasha la cheni, mara nyingi ikiwa na safu mbili: peke yako, na ukiwa na abiria. Tumia hiyo. Namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, haihusiani na pikipiki yako.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Uso wa tairi ukilingana navyo, limekwisha. Umri wake nao unasomeka: tafuta neno DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho. 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Ninaponunua pikipiki iliyotumika, hizo ndizo namba za kwanza ninazotazama, kwa kuwa tairi lenye mifereji mizuri linaweza kuwa na mpira uliokauka na kupasuka nyufa.

Tairi jipya huteleza. Kwa kilomita 150 za mwanzo usilaze pikipiki kwenye kona kwa fujo.

Breki

Chungulia pedi kwa tochi. Zikikaribia milimita mbili, panga kubadilisha. Nyingi zina mkato wa alama, na mkato ukitoweka hakuna cha kujadili. Breki ya ngoma ina mshale kwenye mkono wake wa nje. Bonyeza pedali, mshale ukifika alama ya mwisho, viatu vya breki vimeliwa.

Kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani kina mstari wa chini. Mafuta hushuka polepole kadiri pedi zinavyoisha, kwa hiyo kabla ya kuongeza, tazama pedi. Yakishuka ghafla pana uvujaji. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa siku nyingi, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa na kupoteza nguvu, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili hivi hata kama pikipiki haikutembea. Yakidondokea tanki, mwagia maji mara moja, yanakula rangi. Kazi ya kuyabadilisha mwachie fundi mpaka umeona inavyofanywa. Breki si mahali pa kujifunzia.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa tambara bichi.

Vilivyobaki

Klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wake kabla haijaanza kuvuta. Isipokuwa na mchezo, itateleza na kuungua. Akseleta ikiachiwa irudi yenyewe kwa haraka, na urudie jaribio hilo usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia.

Filta ya hewa ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa kwa kubanwa bila kusokotwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. Ya karatasi haioshwi, hubadilishwa. Barabara za vumbi hufupisha maisha yake kuliko kitabu kinavyosema.

Plagi ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, injini inakula vizuri. Masizi meusi makavu: petroli nyingi, au filta imeziba. Nyeupe: joto limezidi. Irudishe kwa vidole kwanza, spana baadaye.

Betri: ukifungua, anza na hasi, ukifunga, anza na chanya. Ukifuata mpangilio huo, spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya haitatoa cheche. Iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 au zaidi. Yenye vifuniko vya maji huongezwa maji yaliyotoneshwa tu, kamwe si ya bomba.

Kilomita 1,000 za mwanzo usishike kasi moja kwa muda mrefu na usiifungulie injini yote. Badilisha gia, badilisha mwendo, ipe nafasi.

Nunua daftari dogo, likae chini ya siti ndani ya mfuko. Kila ulichofanya, andika tarehe na kilomita. Fundi akikuuliza oili ilibadilishwa lini, unafungua ukurasa.

Ukiiacha muda mrefu

Safari ya mwezi au zaidi bila pikipiki: ioshe, ikauke kabisa, paka cheni mafuta. Jaza tanki la chuma mpaka juu, kwa kuwa nafasi tupu ndani yake hukusanya unyevu na kutu. Kama ina kabureta, funga koki na umwage petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta, maana ikikaukia humo huacha gundi inayoziba vijitundu. Tenganisha waya hasi wa betri. Iweke juu ya stendi ya kati, na uifunike kwa turubai linalopumua, si nailoni.

Ukirudi, usipige kiki kwanza. Pima upepo, tazama oili, angalia chini kama kuna doa, kagua kama panya hajatengeneza kiota kwenye boksi la filta, halafu bonyeza breki ya mbele mara tatu mpaka mkono ugome. Ukizama hadi kwenye usukani, rudisha turubai na mpigie fundi simu.